Chokaa Iliyohifadhiwa

Siku Badi alipoitwa kwenda kunywa chai na serikali, aliacha brashi zake zimelowekwa kwenye kopo la mafuta ya taa nyuma ya mlango, kwa kuwa chai, hata ikiwa ya serikali, haimalizi asubuhi. Mama yake, Bi. Mize, aliambiwa asipike kingi, maana huko huenda wakamkaribisha na mkate wa siagi. Dada yake, Somoe, aliambiwa awatangulie wageni siku hiyo. "Waanzie msikitini," Badi alisema. "Mimi nitawakuta ukutani." Kisha akaingia kwenye gari safi, katikati ya mabwana wawili wenye adabu kubwa. Mmoja alimshika kiwiko asije akajikwaa, mwingine akamwinamisha kichwa asije akajigonga. Serikali ya nchi ile ilikuwa na huruma za namna hiyo.

Somoe akawapokea wageni. Vidakani ni mtaa wa nyuma. Wenye haraka huishia Ngomeni, ambako kuna mizinga ya kupigia picha na vinyago vilivyochongwa jana vikafukiwa matopeni vipate uzee. Vidakani huja wale wanaopenda kutembea polepole na kuinua macho: kuna bakuli za kaure zilizopachikwa juu ya vizingiti, kuna vidaka vya plasta, vishubaka vya ukutani vilivyochongwa kama lesi, kuna milango ya mraba ya mababu na milango ya tao ya wajukuu waliopata fedha. Kazi ya kuwatembeza wageni waliianzisha Badi na Somoe pamoja. Badi alisema, Somoe alibisha hodi. Hakuna nyumba waliyoingia kabla mwenyewe hajaitikia, na hakuna mwenyewe aliyeacha kuitikia, kwa sababu Badi alipoueleza mlango wa mtu, mwenye mlango alitoka na kusikiliza kama anasomewa nasaba yake.

Kituo cha mwisho kilikuwa ukuta wa nyumba yao wenyewe, ule mrefu unaotazama uwanja mdogo wa kisima. Badi alikuwa ameuchora wote kwa rangi za mafuta. Aliwachora majirani zake wamekaa barazani, wamezunguka redio, wanasikiliza hotuba ya Mlezi Mkuu wa nchi. Na wote, tangu Shomari muuza kahawa hadi mwenyekiti wa mtaa, wanapiga miayo. Miayo ile ilichorwa kwa ukweli kiasi kwamba mtu hakuweza kuitazama bila kinywa chake kufunguka. Pembeni kabisa, chini ya roshani, Badi alijichora mwenyewe na brashi mkononi. Yeye peke yake ndiye aliyefunga mdomo.

Asubuhi ile wageni walipofika ukutani hawakumkuta Badi. Waliwakuta watu wa manispaa juu ya ngazi, na ndoo za chokaa. Ilikuwa imebaki miguu tu ya majirani, safu ya kandambili chini ya weupe. Mgeni mmoja alimuuliza Somoe kama hiyo nayo ni sehemu ya matembezi.

*

Badi hakurudi mchana, wala jioni, wala juma lile. Bi. Mize alikwenda kuuliza, akaambiwa asubiri. Akasubiri, akaambiwa aende. Mwishowe majirani walifanya wanachofanya majirani. Walitandika mikeka, wakapika wali, wakaanza kumsomea hitima.

Kabla ubani haujawaka sawasawa, aliingia Ndugu Lugome, Mkurugenzi wa Maelezo Yaliyoruhusiwa katika Wizara ya Kumbukumbu Rasmi. Alivua viatu vizuri, akakaa, akapokea sahani, na alipokwisha kula akawafahamisha kwamba pametokea kosa dogo la kibinadamu. Badi hakufa. Katika Jamhuri hakuna mtu anayekufa bila Wizara kuarifiwa, nayo haikuarifiwa. Badi amepelekwa masomo ya juu, ng'ambo.

"Nchi gani?" aliuliza Bi. Mize.

"Nchi rafiki, mama."

Lugome akaeleza kwamba kumlilia mwanafunzi aliyeko masomoni ni kumtakia mabaya, na kumtakia mabaya mtu anayesomeshwa na serikali ni kuitakia mabaya serikali. Hata hivyo Wizara haina kinyongo. Imeleta tarumbeta. Basi matarumbeta yakaingia uani, mikeka ikasogezwa, na matanga yakageuzwa karamu ya kumuaga msomi. Wali ulikuwa uleule. Waombolezaji waliombwa wapige makofi, wakapiga. Bi. Mize naye alipiga, kama mtu anayekung'uta vumbi mikononi.

Wakati wa kuondoka Lugome aliomba picha zote za Badi zilizomo ndani, kwa ajili ya pasi yake ya kusafiria. Ya harusi ya shangazi, ya shule, hata ile ya utotoni akiwa uchi na kopo la maziwa. Msomi huhitaji picha nyingi. Kwa hiyo baada ya siku ile uso wa Badi ulibaki mahali pamoja tu duniani, chini ya roshani, nyuma ya chokaa. Na chokaa ile manispaa iliirudia kila mwaka kuelekea Siku ya Usafi wa Taifa, kwa sababu haikamati vizuri juu ya rangi ya mafuta. Ikiachwa, huanza kubambuka.

*

Ili watembeza wageni wasipate taabu, Wizara ilitunga Sheria ya Kinachoonekana. Mtembezaji ataeleza kile tu ambacho mgeni anakiona kwa macho yake wakati huo. Atakayeeleza kilichokuwapo jana ni mzushi, na atakayeeleza kitakachokuwapo kesho ni mpiga ramli. Somoe aliisoma, akaikunja, akaendelea na matembezi. Sasa alibisha hodi na kusema yeye mwenyewe.

Lakini sheria hiyo ilikuwa nyepesi ukilinganisha na uhifadhi.

Uhifadhi ulianza kwa mapenzi. Wizara iliupenda mlango wa Mzee Ngwali, jirani yao wa pili, mlango wenye minyororo iliyochongwa pembeni na samaki chini. Wakaja na kibao: URITHI WA TAIFA, USIGUSWE. Mzee Ngwali alishukuru. Mwezi wa Maulidi ulipokaribia, akatoa mafuta ya nazi na kitambaa ili aupake mlango kama alivyofanya baba yake na babu yake. Askari wa urithi wakamshika mkono. Kupaka mafuta, walimwambia, ni kuubadilisha urithi. Mlango ukae kama ulivyokutwa na Wizara.

Mlango ulikaa. Jua likaupasua kama kisigino, mchwa wakaingia kwenye nyufa wakala samaki, wakala minyororo, na siku moja upepo ukaumalizia. Wizara ilikuja kutoa pole. Ikapigilia kibao cha pili kwenye uwazi: MBELE YAKO NI MLANGO ULIOHIFADHIWA. Kisha, kwa kumfariji mzee, ikalihifadhi na paa lake. Boriti za paa lile zilikuwa zikihitaji kubadilishwa moja moja kila miaka michache. Hazikubadilishwa. Paa likashuka mchana mmoja, Mzee Ngwali akiwa sokoni, likajilaza kitandani mwake.

"Mwenzenu nalala chini ya ulinzi wa serikali," akawa anawaambia watu kisimani. "Ndege wakipita, wananipigia saluti."

Basi Vidakani wakajifunza. Kila alipoonekana mtu wa Wizara, watu walianika mashuka mabichi juu ya nakshi, wakaegemeza magodoro mabovu kwenye vidaka, wakaweka kuku mbele ya vizingiti. Walificha uzuri kama mtu anavyomficha binti mbele ya mlevi. Wizara iliandika katika taarifa yake ya mwaka kwamba Vidakani kumebaki vitu vichache vya kuhifadhi, na hii ni dalili ya mafanikio.

*

Ukutani ndipo Somoe alipopata shida. Kwa sheria aeleze kinachoonekana, na kinachoonekana ni chokaa. Hakutaka kusema neno lolote juu ya chokaa ile. Kwa hiyo kila matembezi alipofika pale alisimama akanyamaza, kwa muda uleule ambao Badi alikuwa akizungumza. Halafu akasema, "Ahsanteni, hapa ndipo mwisho," akawaonyesha njia ya sokoni.

Hakujua kwamba kunyamaza nako huvuma. Wageni wa kwanza walidhani amesahau. Wa pili walivua kofia. Wa tatu walikuwa wameshaambiwa na wa pili, wakaja na maua. Watu wakaanza kuipita mizinga ya Ngomeni bila kuipiga picha, wakauliza uko wapi ukuta wa Vidakani. Mama mmoja wa nchi za mbali alirudi kwao akaandika gazetini kwamba hajapata kuona ukuta unaosema kama ule.

Wizara ililisoma gazeti. Ukuta unasema nini, na nani ameupa ruhusa?

Ndugu Lugome alitumwa kuchunguza kwa siri. Alivaa kaptura, kofia ya ukili na miwani ya jua, akajiunga na wageni. Kila alipopita watu walimwamkia, "Shikamoo Mkurugenzi," naye akaitikia kwa lugha ya kigeni. Ukutani alisogea karibu na Somoe, akatega sikio. Akasikia kuku. Akaandika: kuku.

Kamati iliketi. Wajumbe walijiuliza kama kunyamaza ni maelezo. Kama ni maelezo, yameidhinishwa? Mmoja alipendekeza Somoe aandikiwe ukimya rasmi, mfupi zaidi, wenye uzalendo. Mwingine alitaka aitwe anyamaze mbele ya kamati, kwa sauti ya kutosha, ili irekodiwe. Wa tatu, mhandisi, mtu asiyependa maneno mengi, alisema dawa ya ukuta ni saruji. Ukuta upigwe saruji nzito, juu yake vigae vyenye sura ya Mlezi Mkuu, na mambo yaishe. Kamati ikampigia makofi. Ikaamuliwa kwamba Waziri mwenyewe aje Vidakani kutangaza.

*

Lugome ndiye aliyemletea Somoe habari hiyo. Hakuwa mtu mbaya, na hili lazima lisemwe, kwa kuwa nchi ile haikuwa na watu wabaya hata mmoja, ilikuwa na watu waliotumwa. Alikaa barazani, akaomba maji, akaeleza jinsi vigae vitakavyopendeza jua likivipiga.

"Vitashika lakini?" Somoe aliuliza. "Ukuta wenyewe laini."

"Wataupiga tindo kwanza, dada yangu. Wautoboetoboe wote, saruji ipate pa kung'ang'ania."

"Na kilichoko chini ya chokaa?"

Lugome alimtazama, kisha akatazama ndani ya glasi. "Chini ya chokaa kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi," alisema Lugome, akanywa maji yake yakaisha.

Alipoondoka, Somoe alisimama chini ya roshani. Alikijua kile kipande kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi. Hapa nywele, hapa kovu la nyushi, hapa mdomo uliofungwa. Tindo la kwanza, na Bi. Mize hatakuwa tena na mtoto hata wa rangi.

Hakuweza kuingia ndani. Akaenda kwa Mzee Ngwali, akabisha hodi kwenye mlango usiokuwapo.

"Karibu uhifadhiwe," mzee aliitikia.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba, anachambua mchele. Somoe akaketi karibu naye, wakachambua pamoja. Wingu lilipita pale palipokuwa na dari, likaacha kivuli juu ya ungo, likaenda zake. Somoe aliinua macho akalifuata. Aliangalia kingo za ukuta zilizoliwa na mvua, vipande vya boriti, kibao cha Wizara ambacho ndicho kitu kizima pekee kilichobaki nyumba ile. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko cha kwanza tangu siku ya chai.

"Umenicheka mimi?" alisema Mzee Ngwali.

"Hasha, mzee wangu. Nimeona dawa ya chokaa."

Hakumweleza zaidi, wala hakumweleza mama yake. Bi. Mize alikuwa mtu asiyeweza kuficha furaha, na uso wa mwenye furaha, katika mtaa uliojaa Wizara, ni tangazo.

*

Mheshimiwa Daktari Pazi Kilindo, Waziri wa Kumbukumbu Rasmi, aliwasili baada ya matarumbeta yake. Udaktari alipewa na chuo kikuu alichokifungulia geti. Mtaa wote ulitolewa nje kumpokea, Bi. Mize aliletewa kiti cha mbele, kama mama wa msomi.

Waziri alihutubia. Alisema kwamba taifa lisilo na kumbukumbu ni kama gari lisilo na honi. Alisema serikali haiogopi kuta, imejenga nyingi. Alisema historia ni kitu cha thamani mno kuachiwa watu waliokuwapo. Kisha, kabla hajawaita mafundi wa tindo waliokuwa wamejipanga kando na nyundo zao, akasema kwamba demokrasia inataka hata mtembeza wageni asikilizwe, kwa ufupi.

Somoe alijitokeza. Alikuwa amevaa kanga aliyovaa siku ya karamu ya kumuaga msomi.

"Mheshimiwa," alisema, "watu wanauliza kwa nini nikifika hapa nanyamaza. Nanyamaza kwa kukosa maneno. Nimewaonyesha wageni kazi za mafundi wa kale, nimewaonyesha milango na vidaka, lakini kazi kubwa kuliko zote za mtaa huu ni hii chokaa." Watu waligeuka kumtazama. "Itazame, Mheshimiwa. Hakuna mwenye njaa ndani yake. Hakuna foleni, hakuna shimo la barabarani, hakuna mtu anayelalamika. Wachoraji wangapi wameijaribu picha ya nchi yetu wakashindwa? Huyu ameweza. Ametuchora sote kama tulivyo, na hakuna hata mmoja anayeonekana."

Waziri alivua miwani. "Na mchoraji ni nani?"

"Ni serikali yako, Mheshimiwa. Nyinyi ndio wasanii."

Tangu utoto wake hakuna aliyewahi kumwita Mheshimiwa Kilindo msanii. Alitoa leso. Alisema, kwa sauti iliyokatika, kwamba kila mara alihisi kuna kitu ndani yake. Lugome, aliyesimama nyuma yake, alimtazama Somoe kwa muda mrefu, akafungua mdomo, kisha akaona machozi ya Waziri yakidondoka kwenye tai, akaufunga. Kumkatiza Waziri anapolia ni hujuma.

"Naomba kitu kimoja tu," Somoe aliendelea. "Isiguswe. Ihifadhiwe kama urithi."

Mafundi wa tindo waliambiwa warudi nyumbani. Juma lile lile Mlezi Mkuu alitia saini amri. Chokaa ya Vidakani ni Kazi Kuu ya Sanaa ya Taifa: marufuku kuipaka, kuikwangua, kuiosha, kuishika, kuiegemea na kuikinga kwa namna yoyote. Na Mlezi Mkuu akishatia saini haitenguki, kwa sababu kutengua ni kusema alikosea.

Watu walipotawanyika, Bi. Mize alibaki kitini. Somoe alipomwinamia amwinue, mama aliuondoa mkono wake polepole, kama mtu anayejitoa mwiba.

"Leo umesifu sanda ya mwanangu," alisema.

Tangu hapo hakusema naye. Alizungumza na birika. "Birika, mwambie huyo dada chai imeiva." Somoe aliisikia salamu, akanywa chai yake, akatoka kwenda kuwapokea wageni.

*

Matembezi yakawa ya serikali. Somoe alipewa kofia yenye nembo na maelezo ya kukariri: uthabiti wa weupe, ujasiri wa ndoo, falsafa ya brashi pana. Kwenye kituo cha mwisho pakawekwa kamba nyekundu na askari wa urithi. Wanafunzi wa shule waliletwa na walimu wao, wakaambiwa wachore chokaa ile kwenye karatasi nyeupe. Waliofaulu ni wale ambao hawakuchora kitu, na aliyeweka jua pembeni aliitwa ofisini pamoja na mzazi wake.

Ilipokaribia Siku ya Usafi wa Taifa, watu wa manispaa walikuja na ngazi na ndoo zao, kama kila mwaka. Askari wa urithi waliwakamata. Mfanyakazi mmoja alijitetea kwamba chokaa hiyo ameipaka yeye mwenyewe kwa mkono wake mwaka jana. Kwa hiyo alishtakiwa kwa kujaribu kuiga kazi ya serikali. Meya akamlalamikia Waziri, Waziri akamwonyesha saini, meya akainama.

Kisha masika.

Mvua ya mwaka ule ilinyesha kwa upande, ikaupiga ukuta kama mtu anayedai haki yake. Ilipokata, Somoe alitoka na wageni akakuta magamba meupe chini ya kamba. Juu, katikati ya Kazi Kuu ya Sanaa ya Taifa, palikuwa na tundu lenye umbo la yai. Ndani ya tundu mlikuwa na meno ya chini, ulimi, na kidole kinachojaribu kuziba na kushindwa. Mdomo wa Shomari muuza kahawa. Mgeni wa mbele aliutazama, akapiga mwayo. Wa pili yake akapiga. Mwayo ukapita safu nzima ukamfikia askari wa urithi, ambaye alipigana nao kwa ushujaa, ukamshinda.

Wizara ilikutana mfululizo. Kuufunika mdomo ni kuipaka chokaa, na ni marufuku. Kubandua kilichobaki ni kuikwangua, na ni marufuku. Kutundika pazia ni kuikinga. Kutengua amri hakuna aliyekutaja. Lugome ndiye aliyepata maelezo yaliyoruhusiwa: chokaa, kwa kuwa ni kazi kuu, bado inajichora, na mdomo ule haupigi mwayo, umeachama kwa kuyashangaa maendeleo.

Mheshimiwa Kilindo alikuja kuyatangaza hayo mbele ya mabalozi, na redio ikarusha moja kwa moja. Wakati huo mdomo wa pili ulikuwa umeshatoka, wa mwenyekiti wa mtaa, na wa tatu nusu. Waziri alisimama ameupa ukuta mgongo. Alipofika kwenye neno "mshangao," aligeuka kuuonyesha kwa fimbo yake, akautazama. Nchi nzima ilisikia redioni. Ulikuwa mwayo mrefu, wa mtu mwenye madaraka, wenye kigugumizi katikati na kijimlio kidogo mwishoni. Wanasema katika nyumba nyingi watu waliokuwa wamekaa kuzunguka redio waliitikia.

*

Alasiri ile, mabalozi walipokwisha kuondoka, Bi. Mize alitoka nje na kikombe mkononi. Alisimama mbele ya kamba akautazama ukuta, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Huyu si Shomari?" alisema. Birika lilikuwa ndani.

"Ndiye, mama."

"Ulijua itabambuka."

"Nilijua watakavyoihifadhi."

Bi. Mize alitazama kuelekea nyumba ya Mzee Ngwali, pale kibao kilipokuwa kinaning'inia. Mabega yake yakatikisika kidogo. Ilikuwa vigumu kujua kama ni kicheko. Alipotulia aliuliza, "Na wangu?"

Somoe alimpeleka hadi pembeni, chini ya roshani. Pale chokaa ilikuwa nzima, kavu, nyeupe kama siku ilipopakwa. Mvua haifiki. Roshani ile aliijenga babu yao, na kwa kuwa haijawahi kuhifadhiwa, bado ni imara.

Ni miaka sasa. Redio husema Badi anaendelea vizuri na masomo. Matembezi ya Vidakani huanza msikitini baada ya jua kupanda, na wageni ni wengi. Ukutani majirani karibu wote wameshatoka, wengine kifua, wengine mpaka magoti, na Somoe huwaeleza mmoja mmoja kwa majina, maana wanaonekana. Ameomba Wizara ihifadhi na roshani. Wizara imejibu kwamba inalitafakari ombi.

Amri inakataza kupaka, kukwangua, kuosha, kushika, kuegemea na kukinga. Juu ya kusuuza vikombe haisemi kitu, na askari wa urithi ameisoma mara nyingi. Kila asubuhi Bi. Mize hutoa kiti chake, hukaa chini ya roshani, hunywa chai, husuuza kikombe, na maji huyamwaga ukutani.